Maji Yasiyoshiba Jua

Wingu lilianza kujikusanya upande wa machimbo wakati Asteria ndiyo kwanza ametua ndoo yake kwenye foleni ya kisima. Aliangalia juu, akaangalia foleni, akaangalia juu tena. Wanawake waliokuwa mbele yake nao waliliona, wakawaza nguo walizoanika. Yeye aliwaza maji.

"Mama Chupa!" aliita mwanamke mmoja wa nyuma, mwenye mtoto mgongoni. "Leo jua lako limekunja mkeka."

"Litarudi," Asteria alisema.

"Basi likirudi uliambie linichemshie na mimi maharage yangu."

Wakacheka, naye akacheka nao kidogo, kwa sababu foleni ya maji si mahali pa kununa. Jina hilo alikuwa amelipata tangu alipoonekana akiokota chupa tupu nyuma ya baa na nyumba za wageni za Masumbwe. Walevi wa mchana walikuwa wakimwambia, "Shemeji, subiri, yangu haijaisha." Aliokota hivyohivyo. Alichagua zile nyeupe zinazopitisha mwanga, zisizo na michubuko, akazisugua kwa sabuni hadi zikalia kwenye vidole.

Kipindupindu kilikuwa kimeingia machimbo mapya ng'ambo ya mbuga. Pampu ya kioski cha maji ilikuwa imekufa, na mtaa mzima ulikuwa umerudi kwenye kisima cha kuchimba kwa mikono. Kalisti, mhudumu wa afya wa kijiji, alipita nyumba kwa nyumba mpaka vidonge vya kutibu maji vikamwishia mkobani. Baada ya hapo alibaki na maneno. Mwenye mkaa achemshe, alisema. Asiye na mkaa achuje maji kwa kitambaa safi, ayajaze kwenye chupa nyeupe, azilaze juu ya bati toka asubuhi mpaka jioni. Jua likiwa kali, siku moja yatosha. Kukiwa na mawingu, siku mbili. Watu walimsikiliza, wakamshukuru, wakaendelea kunywa walivyozoea. Asteria alifanya kama alivyoambiwa kwa sababu aliogopa. Alikuwa ameona mtoto wa nyumba ya tatu akizikwa na watu waliovaa glovu, mama yake akishikwa mikono asimguse.

Nyuma ya nyumba yao palikuwa na banda la jiko lenye bati fupi, la kufikika ukisimama juu ya kigoda. Bati hilo lilikuwa na miteremko miwili. Mteremko wa upande wa barabara alilaza maji mapya. Mteremko wa upande wa choo alilaza yaliyokwisha kupata siku moja na kungoja ya pili, maana wiki hiyo mbingu haikueleweka. Hakuandika kitu wala kufunga uzi. Yeye ndiye aliyepanda, yeye ndiye aliyeshusha, upande ulimtosha.

Zamu yake ya kuteka ilipofika, matone ya kwanza yalikuwa tayari yakipiga vumbi.

*

Alifika nyumbani amelowa mpaka mifupani. Kabla hajatua ndoo aliangalia bati la jiko. Lilikuwa tupu, linameremeta kwa mvua.

Mama mkwe wake, Zipora, alikuwa amesimama mlangoni akijifuta mikono kwa kanga, uso umejaa furaha ya mtu aliyefanya kazi isiyokuwa yake.

"Usihangaike, Mama Ritha. Nimekuokolea maji yako yote. Mvua inaanguka, mimi nimeshamaliza."

Asteria aliingia ndani. Chupa zilikuwa zimesimamishwa ukutani, moja baada ya nyingine, zimepanguswa vizuri. Ritha, binti yake wa miaka minne, alikuwa akizipitia kwa kidole na kuziimbia.

"Mama," Asteria alisema polepole, "zile za upande wa choo umeziweka wapi?"

"Zipi? Si hizo zote?"

"Za upande wa choo na za upande wa barabara."

"Nimezishusha zote. Ningeziacha zinyeshewe? Jua lote lililokwisha kuingia si lingeoshwa?"

Zipora alikuwa amezaliwa Tinde, na huko alikuwa ameanika michembe tangu akiwa na urefu wa kinu. Viazi vitamu vilivyokatwa, vikalazwa juani, vinadai jicho la kudumu. Wingu likichungulia, unakimbia, unakumbatia vyote, vilivyokauka na vibichi, unaviingiza ndani; kuchambua ni kazi ya kesho. Mwanamke aliyeacha michembe ikanyeshewa alisemwa mpaka ukoo wa tatu. Basi Zipora alikuwa ameona wingu, na mikono yake ikafanya ilichojua.

Asteria alitazama ule mstari wa chupa. Zote nyeupe. Zote zimejaa. Alishika moja, akashika ya pili, akatafuta joto lolote kwa kiganja, lakini mvua ilikuwa imezipoza zote sawasawa. Nusu ya maji yale yangeweza kunywewa na mtoto. Nusu yalikuwa ya kisimani, kama yalivyotoka. Hakuna jicho ambalo lingetofautisha.

"Kuna nini?" Zipora aliuliza, furaha ikianza kumtoka usoni.

Mtu hamwambii mama mkwe wake kwamba ameharibu. "Hakuna kitu, mama," Asteria alisema. "Asante."

Aliamua moyoni kwamba zote zingerudi juu kesho, zihesabiwe kuwa mpya, na leo wangekaa na kiu. Ndipo hodi ikapigwa.

*

Alikuwa Mjomba Makoye, mdogo wake Zipora, kofia imelowa na kukunjamana, mfuko wa salfeti begani. Alikuwa ametoka Tinde na magunia yake ya mchele, akaenda kuuza machimbo mapya, na sasa alikuwa njiani kurudi. Zipora alipiga kigelegele kifupi. Asteria alipiga magoti.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mkwe wangu. Hamjambo? Mvua hii inamtafuta nani?"

Alikaa kwenye kiti kwa uzito. Midomo yake ilikuwa imepauka. Asteria alidhani ni baridi. Kabla hawajaulizana habari za Tinde, mzee alifuta uso kwa kiganja na kusema, "Naomba maji, mama. Koo limekauka kama ngozi ya ng'ombe."

Zipora alimtazama Asteria. Katika nyumba yoyote ya upande huu, mgeni hupewa maji kwanza, habari baadaye, na mwanamke anayesita kumpa mgeni maji huulizwa anaficha nini.

Asteria alisimama mbele ya chupa. Angeweza kusema asubiri achemshe. Mkaa haukuwepo, kuni zilikuwa zimelowa, na ingebidi aeleze kwa nini nyumba yenye chupa nyingi hivi haina maji. Ingebidi aeleze mbele ya Zipora. Alijaribu kukumbuka ile chupa yenye kibonyeo shingoni: jana aliilaza upande gani? Alidhani upande wa choo. Alidhani. Aliichukua, akamimina kwenye kikombe cha plastiki, akapiga magoti, akampa kwa mikono miwili.

Mzee alikunywa bila kupumua. Akanyoosha kikombe. Akanywa cha pili, na cha tatu.

"Dada," alisema akimgeukia Zipora, "maji haya yana harufu ya bati."

"Ni maji ya jua hayo. Mkweo ameelimika. Anaanika maji."

"Anaanika maji!" Mzee alicheka, kisha akashika tumbo kidogo kana kwamba kicheko kimemchoma. "Sisi Tinde jua tunaanikia mpunga. Maji tunayaanika ili yakauke, au vipi?"

Hata Asteria alitabasamu. Kikombe kilikuwa kimebaki na maji robo. Mzee alimwita Ritha kwa kidole. "Njoo, mjukuu. Masazo ya mkubwa hayamwagwi. Maliza, upate miaka yangu."

Mkono wa Asteria ulinyanyuka wenyewe. Ulifika nusu ya njia ukasimama hewani. Kumpokonya mtoto kikombe cha baraka mbele ya babu yake lilikuwa jambo ambalo angelieleza vipi? Ritha alikunywa, mafunda mawili, akarudisha kikombe kwa mikono miwili kama alivyofundishwa.

"Wabeja, mayu," mzee alimshukuru kwa Kisukuma, akamshika kichwa.

Jioni ile Mjomba Makoye alitoka nje mara kadhaa. Mara ya kwanza alisema anakwenda kutazama mvua kama imekata. Mara nyingine alisema amesahau kitu kwenye mfuko alioutundika nje, ingawa mfuko ulikuwa miguuni pake. Asteria aliziona safari hizo, na macho yake akayaelekeza kwenye ugali. Mkwe hahesabu safari za mzee kwenda chooni. Hata kuziona hazioni.

*

Alfajiri walisikia kitu kizito kikianguka uani. Zipora ndiye aliyefika kwanza. Mdogo wake alikuwa amelala ubavu karibu na banda la jiko, suruali imelowa, macho yameingia ndani kana kwamba mtu ameyasukuma kwa vidole. Kilichomtoka kilikuwa cheupe kama maji yaliyoosha mchele.

"Makoye! Makoye, baba!" Kisha Zipora aligeuka. "Ulimpa nini ndugu yangu?"

Asteria aligeukia mlango. Alikuwa akimtafuta Ritha kwa macho. Mtoto alikuwa amesimama mlangoni, kidole mdomoni, mzima.

Majirani walikuja lakini waliishia kwenye uzio. Walisimama huko, kanga midomoni. Mtu alimpigia simu Donatus, mume wa Asteria, aliyekuwa kazini kwenye karasha ya kusagia mawe, naye akaja vumbi la mawe limemtapakaa mpaka kope. Kalisti alifika na bomba la dawa mgongoni, glovu mkononi, akamnywesha mzee kijiko kwa kijiko wakati bajaji ikitafutwa.

"Alikula nini?" Kalisti aliuliza.

"Alikula tulichokula wote," Zipora alisema. "Lakini maji alikunywa yeye. Ya chupa. Alipewa na huyu."

"Ya Mama Chupa," sauti ilisema kutoka kwenye uzio.

"Mnaona sasa? Maji yanaanikwa!"

"Na zile chupa anaziokota wapi? Wenye dhahabu si wanatilia zebaki humohumo?"

"Jamani, mgeni wa watu."

Donatus alimsogelea mkewe. Alikuwa mtu mpole, na upole wake siku hiyo ulimtisha Asteria kuliko kelele za uzioni. "Mama Ritha. Yale maji yalikuwa yameiva?"

"Zilichanganyika chupa."

"Ulijua kwamba zimechanganyika?"

"Nilijua."

"Ukampa?"

"Nilimpa."

Donatus alisubiri aongeze neno, na neno lilikuwepo. Lilikuwa limesimama palepale karibu yao, limejifunga kanga, likimlilia mdogo wake. Asteria alilimeza. Lakini Zipora alikuwa amesikia. "Zimechanganywa na nani?" aliuliza. Akajijibu mwenyewe kwa sauti ndogo: "Maji ni maji."

Bajaji ilikuja. Dereva alitandika nailoni kwenye kiti kabla ya kumruhusu mzee apakiwe, na alifunga pua kwa shati lake. Zipora alipanda na mdogo wake. Kabla ya kuondoka Kalisti alimwita Asteria pembeni, akampa pakiti za dawa ya kuzuia upungufu wa maji mwilini.

"Mtoto alikunywa?"

"Mafunda mawili. Kikombe hichohicho."

Kalisti hakukunja uso wala kutikisa kichwa. "Mwangalie leo na kesho. Akianza tu, usingoje. Pakiti moja kwenye lita moja ya maji salama, umnyweshe mkiwa njiani."

"Maji salama yako wapi, Kalisti?"

Kalisti aliangalia juu. Mvua ilikuwa imesafisha mbingu, hakukuwa na wingu hata moja. "Zirudishe zote juu," alisema. "Zote, upande mmoja. Leo litawaka."

*

Liliwaka jua la adhabu siku hiyo. Asteria alipanda kigoda, akalaza chupa zote kwenye mteremko wa barabara, na majirani wakamtazama kama anayetandaza nguo za maiti. Mmoja alimwita mwanawe aliyekuwa akicheza karibu, akamfunga ndani.

Hakufanya kazi nyingine. Alikaa kwenye kivuli chembamba cha ukuta, akamtazama Ritha. Mtoto alipochuchumaa kuchora kwenye mchanga, Asteria alisimama. Mtoto alipokwenda upande wa choo, alimfuata. Mtoto alipolala mchana, alimlaza kifuani ili asikie tumbo lake. Tumbo la mtoto aliyelala lina sauti nyingi, na siku hiyo kila moja ilimpita mama yake kama kisu. Alimshika paji la uso. Lilikuwa la kawaida. Akalishika tena, kana kwamba la kawaida huweza kubadilika mtu akilipa kisogo.

"Mama, naumwa?" Ritha aliuliza akifumbua macho.

"Hapana. Nani kasema?"

"Unanishikashika."

Asteria aliwaza maneno mawili tangu alfajiri: *ningesema tu*. Ningemwambia mzee subiri. Ningemwambia mama umechanganya. Ningemwambia mtoto lete kikombe. Kulikuwa na milango mitatu, na yote aliipita kwa adabu.

Jua lilipoanza kulalia upande wa mbuga, Ritha alisimama ghafla katikati ya ua, akaangalia miguu yake. "Mama," alisema kwa mshangao, "maji yametoka."

Yalikuwa meupe.

Asteria hakupiga kelele. Alimnyanyua, akamwosha, akamfunga kanga. Yalitoka tena kangani. Donatus alikimbia barabarani kutafuta bodaboda. Aliporudi alimkuta mkewe amesimama juu ya kigoda, mkono mmoja umemshika mtoto, mkono wa pili umenyooka kuelekea chupa, na umeganda.

"Unafanya nini?"

"Dawa inataka lita ya maji."

"Usimpe hayo!" Sauti ya Donatus ilipasuka. "Tena hayohayo? Hayohayo yaliyomwangusha mzee?"

"Yamelala juani tangu asubuhi. Yote."

"Umehakikisha vipi?"

"Nilikaa hapa. Sikutoka." Alikuwa akitetemeka hadi kigoda kikagonga ukuta. "Baba Ritha, njia ni ndefu, na huyu anakauka. Ukiwa na maji mengine nipe. Kama huna, nishike nisianguke."

Donatus aliangalia ndoo, ambayo ilikuwa ya kisimani. Aliangalia jiko, ambalo lilikuwa na majivu yaliyolowa. Aliangalia uzio, na nyuma ya uzio jirani akarudisha uso wake ndani. Akaja, akakishika kigoda kwa mikono miwili.

Chupa ya lita moja aliyoishusha ilikuwa ya moto kiasi cha kuchoma kiganja. Asteria alikoroga dawa ndani yake, akaipoza kwa kumimina kidogokidogo kwenye kifuniko. Kifuniko cha kwanza alikifikisha mdomoni mwa mtoto, na palepale mdomoni akasita tena, maana ni mkono uleule, na ni chupa zilezile. Ritha akafungua mdomo kama ndege. Akampa.

*

Kambi ya kipindupindu ilikuwa mahema matatu nyuma ya kituo cha afya. Mlangoni ulikanyaga gunia lililolowa dawa, ukanawa mikono kwenye maji yanayochoma pua, ndipo ukaingia. Muuguzi aliyewapokea aliitwa Chausiku, mwanamke mfupi mwenye hijabu ya bluu na macho ya mtu ambaye hajalala kitandani kwake kwa siku nyingi. Alibana ngozi ya tumbo la Ritha, ikabaki imesimama. Alitafuta mshipa kwenye mkono, akatafuta kwenye mguu, akatafuta tena kwenye mkono. Mtoto hakulia. Hilo ndilo lililomwogopesha Asteria zaidi ya sindano zote.

"Lia, mama," alimnong'oneza. "Lia kidogo."

Mshipa ulipatikana. Maji ya chupa iliyoning'inia juu yalianza kushuka.

"Mmempa chochote njiani?"

"Dawa ya pakiti. Chupa nzima, ingawa nyingine ameitapika."

"Bila hiyo nisingepata mshipa," Chausiku alisema, akaendelea na kazi yake, bila kujua alichokuwa amekisema kwa mwanamke yule.

Nyuma ya turubai lililogawa hema ndiko walikolazwa wanaume. Zipora alitoka huko aliposikia sauti zao. Alimwona mjukuu wake, akakaa chini hapohapo, kwenye sakafu iliyolowa dawa, mikono kichwani. "Na huyu?" alisema. "Na huyu pia?" Kisha akainua uso kwa Asteria, na usoni mwake hakukuwa tena na swali bali hukumu. "Umetumaliza."

Chausiku alichukua kalamu. "Nani alianza kuumwa, mzee au mtoto?"

"Mzee," Donatus alisema. "Alfajiri ya leo."

"Baada ya kunywa maji kwa huyu, jana jioni," Zipora aliongeza.

Muuguzi alifungua turubai kidogo. Mjomba Makoye alikuwa amelala kwenye kitanda chenye tundu katikati, ndoo chini yake, macho wazi. Alikuwa amesikia yote. "Mzee, ni kweli? Tumbo lilianza alfajiri?"

Mzee aligeuza uso upande wa turubai.

"Mzee, nauliza ili nijue nikawatafute watu gani. Lilianza lini?"

Alimtazama Asteria. Ilikuwa mara ya kwanza tangu wafahamiane kwamba alimtazama machoni, naye Asteria aliinamisha kichwa haraka, kwa aibu ya kumwona baba mkwe katika hali ile, juu ya ndoo.

"Atoke huyo kwanza," mzee alinong'ona.

"Hawezi kutoka, mtoto wake yuko kwenye dripu. Sema tu."

Mzee alifumba macho. "Lilianza kulekule machimboni. Usiku wa kuamkia siku niliyokuja. Nilipofika kwao nilikuwa nimeshamaliza vichaka vyote vya njiani."

"Na ukanyamaza?" Zipora alisema. Alisimama. "Makoye, ukanyamaza? Ukampa mtoto kikombe?"

"Dada, ningemwambiaje mke wa mpwa wangu kwamba tumbo limenishinda? Ningeanzia neno gani? Nilitaka nifike Tinde nikaharie kwangu." Machozi hayakumtoka, hayakuwepo. "Sikujua ni gonjwa hili. Nilisema ni maharage ya mama lishe."

Mtu mmoja nyuma ya turubai alikohoa. Donatus alimgeukia muuguzi kwa haraka ya mtu anayetaka kushusha mzigo. "Basi si maji. Ni kikombe."

Chausiku aliwaza. "Huenda ni kikombe," alisema. "Mzee hakuugua kwa maji yenu, hilo wazi. Mtoto sijui. Kama mnasema chupa zilichanganyika, huenda ni chupa. Siwezi kukuapia."

Zipora aliposikia neno hilo, kuchanganyika, alitazama mikono yake mwenyewe kama vitu alivyoazimwa. Alifungua mdomo. Asteria alimwona anatafuta pa kuanzia, akamwonea huruma, na bado hakumsaidia. Nguvu zake zote zilikuwa kwenye matone yale yaliyokuwa yakishuka.

Mwishowe Zipora alisema tu, "Umekula?"

"Bado, mama."

"Nitatafuta uji." Akatoka, akanawa mikono mlangoni muda mrefu kuliko alivyoagizwa.

*

Kulipokucha Ritha alikuwa bado hajalia wala kusema. Macho yake yalikuwa nusu wazi. Chupa ya pili ya dripu ilikuwa imetundikwa, na alikuwa ameruhusiwa kupakatwa. Kitanda cha jirani, ambako jioni kulikuwa na kijana wa machimbo, kilikuwa kitupu, kinapuliziwa dawa. Asteria hakuuliza kijana amekwenda wapi.

"Tunasubiri nini sasa?" alimuuliza Chausiku.

"Mkojo."

"Mkojo?"

"Mwili uliokauka unafunga kila kitu. Akikojoa, ujue maji yamemtosha, figo zimeamka. Asipokojoa..." Muuguzi alirekebisha mrija. "Atakojoa. Niite."

Basi wakasubiri mkojo. Donatus alisimama mlangoni, kofia mkononi. Zipora alikaa kwenye benchi na kikombe cha uji kilichopoa, akisali Kisukuma na Kiswahili kwa zamu. Wachimbaji waliokuwa wakipita barabarani kwenda kazini waliharakisha hatua walipofika usawa wa mahema. Asteria alimpakata binti yake, akaweka kiganja chini yake, juu ya kanga kavu, na kukiacha hapo. Kanga ilibaki kavu. Alihesabu matone akapotea, akaanza upya, akapotea. Ilibaki kavu. Alijikuta anaongea na kiganja chake: *sikia, hebu sikia kitu*.

Jua lilipenya chini ya ukingo wa hema, likafika miguuni pake, likapanda mpaka magotini.

Ndipo joto likamjia kiganjani. Mwanzoni alidhani ni lile jua. Lakini lilisambaa, likapita kati ya vidole, likaingia kwenye sketi yake, likateremka pajani hadi kwenye kiatu, na harufu yake ilikuwa harufu ya asubuhi zote za mtoto tangu azaliwe.

Hakuweza kuita. Alinyanyua mkono uliolowa, akawaonyesha.

"Amefanya nini?" Donatus aliuliza kwa hofu, akija mbio. "Amefanya nini?"

"Amenikojolea," Asteria alisema, na sauti ikamkatika. "Baba Ritha, mwanao amenikojolea."

Nyuma ya turubai, sauti dhaifu ya mzee ilisema, "Wabeja. Wabeja, mayu," mara nyingi, bila aibu. Zipora alipiga magoti mbele ya mkwewe, akaanza kufuta mguu wake kwa kanga yake mwenyewe, na Ritha, aliyesumbuliwa na kelele hizo zote, akakunja uso, akavuta pumzi, akalia.